Shilingi Moja kwa Dakika

Saiba ninayoshinda iko Ukunda, ukiingia ndani kidogo kutoka barabara kuu, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya pikipiki. Si yangu. Ni ya rafiki yangu, na mimi hulipwa kwa namna mbili: pesa kidogo kila Jumamosi, na kiti cha pembeni ambapo naandika makala zangu wateja wakipungua. Mashine ziko tano, zote ex-UK. Zilifanya kazi kwenye ofisi za watu huko Ulaya, zikachoka, zikapakiwa kontena, zikashuka Mombasa kama zile jaketi za mitumba ambazo ukipekua mfukoni unakuta tiketi ya treni ya mtu. Bei yetu ni shilingi moja kwa dakika.

Weka hiyo bei akilini, nitairudia.

Mashine namba nne na namba tano ni pacha. Zote zina Core 2 Duo, prosesa ya enzi ambazo mimi nilikuwa darasa la nne. Windows ya magendo iliyokuja nazo ilikuwa imejaa virusi, tukaing'oa tukaweka Linux. Zinatembea, lakini kwa kukokota miguu, na mteja akikalishwa pale huanza kugonga meza kwa kidole.

Usiku mmoja mwaka jana, baada ya kufunga, nilifanya kitu kwenye namba nne na sikumwambia mtu. Nilifungua lile faili linalosomwa mashine inapowaka, nikaongeza maneno haya: mitigations=off. Nikahifadhi, nikazima, nikawasha. Kisha nikapima kwa saa ya simu. Folda moja lililobanwa, lenye picha mia kadhaa za harusi, namba tano ililifungua kwa dakika moja na sekunde ishirini hivi. Namba nne ikaitangulia kwa sekunde kama tisa. Kurasa za kawaida za intaneti, tofauti hata huioni kwa macho. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani, na kama mtu huyo, nilitazama kushoto na kulia kwanza.

Nilichozima ni ulinzi. Na kwa miezi kadhaa watu waliketi kwenye ile mashine wakaingiza nenosiri la KRA, la HELB, la eCitizen, bila kujua kwamba kijana aliyeketi pembeni na daftari lake amewaamulia jambo.

Niseme ulinzi wenyewe ni upi, maana bila hapo mengine hayaeleweki. Kozi ya kompyuta nilianza sikumaliza, karo ilinishinda mwaka wa pili, kwa hiyo fundi akikuta nimepinda mahali anisahihishe kwa upole.

Nje ya saiba kuna mama wa viazi karai. Kuna fundi wa pikipiki ambaye kila saa nne asubuhi huvuka kwenda kwake na kila siku huagiza kile kile. Mama amemzoea. Akimwona tu anapangusa mikono kwa kitambaa, yeye tayari anatumbukiza viazi kwenye mafuta. Fundi akifika, sahani inamngoja. Siku akibadili mawazo akataka bajia, viazi vinatolewa vinawekwa kando, maisha yanaendelea. Prosesa za kisasa zinafanya hivyo hivyo. Hazingoji kuambiwa. Zinabahatisha kazi inayofuata, zinaianza, na zikikosea zinafuta kana kwamba halikutokea lolote. Sehemu kubwa ya kasi ambayo dunia imeuziwa tangu miaka ya tisini imetoka kwenye huku kubahatisha.

Tatizo liko kwenye karai. Viazi vimetolewa, lakini karai bado lina moto. Sasa chukulia nyuma ya fundi kuna mtu mwenye saa na mwenye nia mbaya. Hakusikia fundi ameagiza nini. Yeye anaagiza viazi na kutazama saa. Vikija haraka, anajua karai la viazi lilikuwa limeshapata moto kabla yake. Akiagiza bajia zikachelewa, anajua hizo hazikuguswa. Hajaiba kitu, hajafungua mfuko wa mtu. Amepima muda tu. Weka nenosiri mahali pa viazi, na badala ya mara moja apime mara milioni, herufi moja baada ya nyingine, na una Spectre na Meltdown, kasoro mbili zilizotangazwa tarehe 3 Januari 2018.

Mmoja wa waliozigundua ni Jann Horn, mtafiti wa Google. Alikuwa na miaka 22. Kundi la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, na watafiti wengine waliifikia kasoro hiyo kwa njia zao. Intel waliambiwa Juni 2017, na ikabaki siri kwa nusu mwaka huku viraka vikishonwa. Meltdown peke yake iligusa karibu kila prosesa ya Intel iliyotoka tangu 1995, isipokuwa chache. Yaani nilizaliwa, nikasoma, nikaingia chuo, nikatoka chuo, na karai muda wote lilikuwa la moto.

Kwa kuwa huwezi kuwaita watu wote duniani warudishe prosesa, dawa iliwekwa kwenye kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo yenye funguo za kila chumba. Zamani kerneli na programu za kawaida zilitumia ramani moja ya kumbukumbu, kurasa za kerneli zikiwa na alama ya kukataza kuguswa. Alama ile ikaonekana haitoshi. Sasa kila upande una ramani yake. Programu ikitaka kusoma faili au kutuma kitu mtandaoni, ramani inabadilishwa wakati wa kwenda, inabadilishwa tena wakati wa kurudi. Ni kama mama aambiwe aoshe karai kati ya mteja na mteja. Prosesa za Intel za kuanzia mwaka 2010 hivi zina namna ya kuweka alama kwenye ramani ili zisifutwe zote kila mara. Core 2 Duo haina hiyo. Yenyewe inafuta, inaanza upya, inafuta, inaanza upya, siku nzima.

Kwa hiyo kiraka ni kimoja lakini bei yake si moja. Tarehe 9 Januari 2018 Microsoft wenyewe, kupitia kwa mkuu wao wa Windows wakati huo, Terry Myerson, walisema wazi: kwenye kompyuta mpya za Windows 10 watu wengi hawangeona tofauti, kwenye zenye prosesa za 2015 au zaidi kurudi nyuma baadhi ya watu wangeiona, na kwenye hizo za zamani zikiwa na Windows 7 au 8, watu wengi wangeiona. Kadiri mashine yako ilivyo ya zamani, ndivyo unavyolipa zaidi. Na mashine za zamani ziko wapi? Haziko kwa yule aliyezinunua mpya. Ziko Ukunda, na Kwale mjini, na Msambweni kwenye vyumba vya nyuma vya maduka ya kupiga kopi.

Kuna jambo moja hapa ambalo hadi leo likinijia nacheka peke yangu. Aprili 2018 Intel walitoa orodha ya prosesa ambazo hazingepata marekebisho ya ndani dhidi ya Spectre. Familia za Core 2 za mwisho mwisho zilikuwamo, na pacha wangu wawili ni wa humo. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba, kwa maelezo ya wateja wao, nyingi za bidhaa hizo zinatumika kwenye mifumo iliyofungwa, yaani mahali ambapo watu wa nje hawafiki. Njoo uone mfumo wetu uliofungwa. Kwa siku wanakaa watu arobaini, mmoja wao akiwa na flashi aliyoiazima kwa mtu asiyemkumbuka. Kwa hiyo mashine namba tano inabeba uzito wa kiraka cha kerneli, na bado haijalindwa kikamilifu. Mwaka huo huo wa 2018 Intel walitangaza mapato ya rekodi kwa kampuni yao, dola bilioni 70.8.

Silalamiki kwamba walipata faida. Nasema tu kwamba kasi ile ilikuwa ya mkopo, waliokopa wakaitumia ikiwa mpya, na mwenye deni alipokuja kudai alimkuta mtumiaji wa tatu.

Na sasa ile bei. Shilingi moja kwa dakika. Kwenye vitabu, kupungua kwa kasi ni asilimia kwenye jedwali. Watafiti wa ETH Zürich walipotangaza kasoro nyingine, Retbleed, Julai 2022, walipima gharama ya viraka vyake kuwa kati ya asilimia 14 na 39. Downfall ilipokuja Agosti 2023, Intel walikiri kwamba kazi fulani zingeweza kupungua kasi hadi asilimia 50. Zile ni kazi nzito za seva, hazina uhusiano na mtu anayefaili ritani. Lakini kwangu hata kile kidogo hakibaki kuwa asilimia, kinageuka sarafu. Mteja anasubiri ukurasa, mita inahesabu. Akikaa dakika kumi na moja badala ya kumi, shilingi ya kumi na moja imetoka kwake na imeingia kwetu. Kiraka kilichoandikwa kumlinda kinamtoza, na saiba ndiyo inayokusanya. Methali ya kwamba haraka haina baraka naipenda, lakini naona aliyeitunga hakuwahi kukaa mahali anapolipishwa kwa dakika.

Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yangu usiku ule, na bado sioni kama ni hoja ya kipuuzi. Nilijiona nawarudishia watu mali yao.

Rafiki yangu nilipomwambia hatimaye, hakukasirika. Alicheka. "Bro, mtu atumie hesabu zote hizo, apime karai mara milioni, ili amwibie mtu wa Ukunda nenosiri la HELB?" Ana haki ya kucheka. Wizi wa saiba tunaujua. Ni mteja aliyesahau kutoka kwenye akaunti yake. Ni mtu anayesoma begani kwa mwenzake. Ni kopi ya kitambulisho iliyobaki kwenye skana. Ni programu ya kunasa herufi iliyokuja na flashi. Spectre na Meltdown zimeonyeshwa zaidi na watafiti kwenye maabara kuliko na wezi mtaani. Kumkinga mteja wetu na Meltdown huku kitambulisho chake kiko kwenye kapu la karatasi ni kama kufunga dirisha la juu na kuacha mlango wa mbele wazi.

Nilimjibu kwamba wavu hauchagui dagaa. Anayeweka msimbo mbaya kwenye tovuti hamlengi mtu wa Ukunda, anamlenga yeyote atakayefungua ukurasa ule. Na wateja wetu nawajua: dirisha moja ni eCitizen, dirisha la pili ni tovuti ya kuangalia mechi bure, ile yenye matangazo kumi yanayorukaruka. Spectre ilipotangazwa, watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba msimbo wa ukurasa wa wavuti unaweza kuitumia. Ndiyo maana vivinjari navyo vilitiwa viraka.

Hapo kwenye vivinjari ndipo nilipoanza kuona kwamba hoja yangu ya shilingi ina tundu. Julai 2018 Google walieleza kwamba Chrome ya kompyuta sasa inatenga kila tovuti kwenye chumba chake, kwa ajili ya Spectre, na kwamba hilo linakula kumbukumbu zaidi kwa asilimia 10 hadi 13. Mwaka uliofuata wakauleta ulinzi huo kwenye simu za Android, kwa simu zenye RAM ya GB 2 kwenda juu. Simu ndogo zaidi zikaachwa. Sababu inaeleweka, zingekwama. Lakini tazama kilichotokea: mwenye simu ya bei nafuu alipunguziwa mzigo, sawa, na alipunguziwa kwa kuachwa nje ya ukuta. Hakuna aliyemwambia. Anafungua tovuti ile ile ya benki ambayo mwenye simu kubwa anafungua, na anaona kifuli kile kile kidogo juu ya ukurasa.

Mimi kwenye namba nne nilifanya jambo hilo hilo. Nilimwonea mteja huruma, nikaona asilipe shilingi ya ziada, nikamwondolea ukuta. Kimya kimya. Tofauti ya mimi na mhandisi wa California ni kwamba mimi mteja wangu nilikuwa naona kisogo chake.

Swali basi limenihama. Mwanzo nilidhani ni swali la kipimo: hatari ni kubwa kiasi gani, mzigo ni mkubwa kiasi gani, weka kwenye mizani. Hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, alilipigia kelele swali hilo Novemba 2018, kiraka kimoja cha Spectre kilipoingia kwenye kerneli na kushusha kasi ya baadhi ya kazi kwa karibu nusu. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu cha gharama hiyo hakifai kuwashwa kwa kila mtu bila kuulizwa. Wenye hofu kubwa wawashe wenyewe. Kikapunguzwa. Nakubaliana naye kuhusu kuulizwa. Ila yeye alikuwa anazungumzia watu wanaojua kwamba kuna swichi. Mama aliyekuja kuomba cheti cha tabia njema cha mwanawe hajui kuna swichi, hajui kuna kerneli, na hana sababu ya kujua.

Pwani hii inajua inavyokuwa usalama ukiamuliwa mbali. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasisafiri bila ulazima kwenda Mombasa, kuanzia mkondo wa Mtwapa kaskazini hadi Tiwi kusini. Diani haikuwamo. Uwanja wa ndege wa Moi pia ulibaki nje ya katazo. Lakini njia ya kawaida kutoka uwanja wa ndege hadi Diani ilipita kisiwani, ukapanda feri ya Likoni. Kampuni za watalii zikahesabu, zikawarudisha mamia ya wageni nyumbani kabla ya likizo kuisha, na zikasimamisha safari. Hoteli zilifunga, ufukwe ukabaki kwa kaa na mbwa, na ushauri haukulegezwa hadi mwaka uliofuata. Waliotoa ushauri walikuwa na wajibu kwa watu wao, na mashambulizi yalikuwapo kweli. Siwezi kusema walikosea. Lakini kwenye ile hesabu yao, anayepika chapati za wafanyakazi wa hoteli hakuwa na mstari.

Kiraka cha kerneli kiko hivyo hivyo. Kilishonwa kwa moyo safi, tena kwa haraka, na hatari inayowatisha zaidi waliokishona ni ya seva za kukodi, ambako wageni wasiojuana wanalala kwenye mashine moja. Kule hofu ni halali kabisa. Kisha kiraka kile kile kinakuja hadi namba tano, kinakuta hali tofauti, na kinatoza vile vile.

Sasa, mfano wa pili unatoka hapa hapa kaunti ya Kwale, na ndio ulionifanya niandike makala hii. Watu wa nje hawaujui sana. Watafiti wa mradi unaoitwa BOHEMIA, wakiwamo wa KEMRI-Wellcome Trust, walijaribu dawa ya ivermectin dhidi ya malaria hapa Kwale. Ukinywa ivermectin haikukingi wewe moja kwa moja. Inabaki kwenye damu yako kwa muda, na mbu akikuuma anakufa. Faida inakwenda kwa jirani. Wewe unameza kidonge mara moja kwa mwezi, miezi mitatu, unabeba kizunguzungu kikitokea, na mtoto wa nyumba ya pili ndiye asiyeugua. Matokeo yalichapishwa Julai 2025: mahali ambapo watu walipewa ivermectin, maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalikuwa chini kwa asilimia 26, ukilinganisha na mahali walipopewa dawa ya kulinganishia.

Ukiangalia vizuri, ni hesabu ile ile ya kerneli. Wengi wanabeba kidogo ili mtu asiyejulikana asidhurike. Lakini njia ilikuwa tofauti. Kwenye utafiti ule mtu anaelezwa dawa ni nini, itamfanya nini, itamsaidia nani, na anaruhusiwa kusema hapana. Kuna fomu, kuna sahihi, kuna mtu wa kuuliza ukipata madhara. Wajawazito na watoto wenye uzito mdogo hawakupewa. Mzigo haukumwagwa tu kwa kila mtu aliyesimama chini yake.

Sijui kama unaweza kupita nyumba kwa nyumba ukiomba idhini ya kubadilisha ramani za kumbukumbu. Nadhani hauwezi. Kiraka kinachosubiri kila mtu akubali ni kiraka kitakachochelewa, na siri ya Juni 2017 ilitunzwa kwa sababu nzuri. Lakini kati ya kuomba sahihi ya kila mtu na kutosema lolote kuna nafasi pana sana, na karibu wote tumekaa upande wa kutosema lolote. Ujumbe unaokuja kwenye skrini unasema kuna masasisho ya usalama, bonyeza hapa. Haukuambii kwamba mashine yako, hiyo ya kwako yenye umri huo, huenda ikapungua kasi, na kwa ajili ya nini. Kidonge cha kichwa cha shilingi kumi kinakuja na karatasi ya madhara.

Nyumbani, kwenye laptopu yangu, ulinzi bado nimeuzima. Nalisema hili bila aibu. Ni yangu, siri zilizomo ni zangu, na ikivuja nitalia mwenyewe. Lakini mashine namba nne si yangu kwa maana hiyo, hata kama ningekuwa mwenye saiba. Kinachopita ndani yake ni mali ya watu wanaopita. Siwezi kumpa mtu zawadi ya sekunde tisa kwa kuweka rehani kitu chake mwenyewe.

Lakini pia sikuirudisha namba nne ilivyokuwa. Rafiki yangu alitaka niirudishe tuishie hapo, lakini niliona kurudisha kimya kimya ni uamuzi mwingine wa siri. Niliandika karatasi nikaibandika juu ya skrini: mashine hii ina kasi kidogo zaidi, ulinzi wake umepunguzwa, tumia kwa kuchapa, kusoma, kutazama, usiingize nenosiri. Vijana wakacheka, wakaifanya mashine ya muziki na mechi. Wachache walisoma karatasi na kuingia Facebook papo hapo, nikiwatazama. Niliwaacha. Mtu mzima aliyeambiwa ameambiwa, ingawa kusema kweli sina hakika karatasi ya A4 inatosha kuitwa kuambiwa.

Halafu wiki mbili zilizopita akaja bibi mmoja kutoka Msambweni, ametumwa na mwanawe ajisajili SHA, na kitambulisho chake kimefungwa kwenye leso. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye namba nne kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na feni.

"Hiyo karatasi inasemaje, mwanangu?"

Nikamweleza. Nilianza na ramani za kumbukumbu, nikaona macho yake yananiacha, nikahamia kwa mama wa viazi karai. Hapo alinielewa upesi kuliko mwalimu wangu wa chuo alivyonielewa mimi. Akafikiri.

"Na yako ya nyumbani umeiweka vipi?"

"Hii hii, bibi. Bila ulinzi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni yangu peke yangu."

Akainuka, akafungua leso, akatoa kitambulisho. "Basi mimi nipeleke kwenye ile ya polepole. Lakini dakika zake usinihesabie, si mimi niliyeichelewesha."

Nilimfungulia namba tano. Tulikaa dakika kumi na tisa, zikiwamo za kusubiri namba ya siri ije kwenye simu yake. Hizo kumi na tisa nilizilipa mwenyewe Jumamosi. Rafiki yangu nimemwambia tuache kulipisha kwa dakika, tulipishe kwa kazi, ritani bei yake, usajili bei yake, mashine ikikokota ni shauri letu. Anasema tutafunga duka ndani ya mwezi mmoja. Bado tunabishana.